Nyasi za Nanyori

Ngaramtoni, 6 Februari 1910

Kwa mpwa wangu Eliasi, karani wa soko la boma, Arusha.

Nimewashinda Wajerumani. Soma tena kama huamini. Jana asubuhi, kwa fimbo yangu hii hii ya mzaituni, niliwafukuza askari watatu pale kijitoni, wakakimbia mpaka kofia zikawadondoka.

Haya, basi. Askari alikuwa mmoja. Hakukimbia, aliondoka kwa sababu alishakula ndizi zangu akashiba. Fimbo nilikuwa nayo kweli, ila mimi na fimbo yangu tulikuwa ndani ya ghala la mahindi, tunachungulia. Hilo la ghala usimwambie mkeo Susana atakayekuletea barua hii. Yeye bado ananiheshimu, na wa namna hiyo wamebaki wachache.

Sasa sikiliza. Soko la kijitoni unalijua, mama yako alikuwa anakuja nawe mgongoni, unalia kama ndama. Wamama wa Kimasai wanapanda kutoka tambarare na maziwa, ngozi na magadi. Wamama wetu wanashuka mlimani na ndizi, maharage na ugoro wangu, ambao hauna mfano mpaka Moshi. Sisi wanaume kazi yetu ni kukaa mbali na kujifanya tuna shughuli. Hata wakati ule vijana wao na wetu walipokuwa wanachomana mikuki, soko lile halikulala.

Basi jana huyo askari alipiga vibuyu teke, maziwa yakanywewa na vumbi. Akamwambia binti yangu Nanyori, kwa kuwa ndiye anayewapanga wamama nani akae wapi, kwamba tangu sasa kuuza na kununua ni kwenye ile nyumba mpya ya bati, unakokaa wewe mlangoni na kofia yako. Nanyori alimjibu neno moja la Kimaa. Namshukuru Mungu askari yule ametoka mbali, Kimaa hakijui.

Wewe unayeishi karibu na karatasi, niambie amri inasemaje. Sitaki inavyosemwa, nataka ilivyoandikwa. Tangu jana Nanyori hasemi kitu, anasafisha vibuyu vilivyokwisha takata. Namjua. Akinyamaza hivyo, najua kuna jambo analipika.

Mimi mjomba wako,
Kasaine, aliyesoma shule ya misheni mpaka herufi ya R akachoka.


Arusha, 9 Februari 1910

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imefika. Nakuomba kwa heshima, usiandike tena maneno ya kuwashinda Wajerumani, hata kwa mzaha. Si kila anayefungua barua anakujua wewe.

Amri imeandikwa hivi: kuuza na kununua bidhaa nje ya soko la boma ni marufuku. Atakayevunja atafungwa, na mwanamume atapigwa kiboko. Ngozi zote atanunua tajiri mmoja tu aliyepewa hati. Pishi na mizani ni za boma.

Najua utacheka, lakini jambo hili lina maana yake. Bwana mkubwa, yule Mjerumani wa boma, alitueleza sisi makarani. Bidhaa zikikaa mahali pamoja, vipimo vinakuwa vya haki, mjinga haibiwi, ushuru unapatikana, barabara zinajengwa. Wapagazi, wafanyakazi wa mashamba ya Wazungu, wote wanajua chakula kiko wapi. Nchi yenye soko moja ni nchi yenye mpango. Mimi naamini hivyo, Mjomba, na sikuamini kwa sababu ya kofia.

Soko linaendelea vizuri. Tafadhali mwambie dada Nanyori awalete wamama huku, nitawapa nafasi nzuri penye kivuli.

Susana akirudi, umpe na mkungu mmoja wa ndizi kama zipo. Ni kwa kubadilisha ladha tu.

Mpwa wako mtiifu,
Eliasi


Ngaramtoni, 27 Februari 1910

Mpwa wangu, karani wa kubadilisha ladha,

Ndizi nilikupa, ndani ya kikapu cha marehemu mke wangu, kile chenye mshipi mwekundu. Susana alisema mmekula siku hiyo hiyo na majirani wakaja kunusa. Sasa nikuulize, na usikasirike: mtu anayelala ndani ya mtungi wa asali anaagiza asali kwa nani? Wewe unakaa mlangoni pa nyumba ya chakula chote cha nchi hii, kisha unaniomba ndizi mimi mzee mwenye goti bovu. Nilipofika hapo kwenye barua yako nikaacha kucheka. Nikajua ile nyumba haina kitu.

Huku nako ni hivi. Wamama wa tambarare walikuja wakasubiri ng'ambo ya kijito, wakarudi na maziwa yao. Mpaka bomani hawafiki. Ni mbali kwao, maziwa yanachacha njiani, na nani atawakamulia jioni? Wetu nao wakienda na maharage wanayarudisha, maana wanayemtafuta ni mwenye maziwa, na mwenye maziwa hayupo. Maharage yameingia wadudu. Watoto wa huku wanataka maziwa, wa kule wanataka nafaka, na kati yao kuna kijito unachoweza kukiruka hata wewe na viatu vyako.

Ngozi ndiyo usiseme. Tajiri wako mwenye hati anazitazama kama zimeoza, anajua hakuna mwingine wa kununua. Kwa hiyo zinapita Longido mpaka upande wa Mwingereza. Ngozi za Arusha, mpwa wangu, sasa zinajifunza Kiingereza.

Ng'ombe ukimfunga miguu yote minne hapigi teke, hapo Bwana wako ana haki. Lakini pia haendi malishoni. Kisha mnakuja asubuhi na kibuyu, mnashangaa hana maziwa.

Ila usihuzunike, dawa nimeipata, na nimeipata ndani ya barua yako mwenyewe. Amri inakataza kuuza na kununua. Kupeana zawadi haikatazi. Nimesoma mara tatu, hakuna. Na wewe mtoto wa nyumbani unajua desturi: mtu akishika nyasi mbichi mkononi amekuja kwa amani, haguswi, hata na adui yake. Ndivyo wamama walivyokuwa wanakutana zamani za vita. Nikamwambia Nanyori, nendeni korongoni juu ya kijito, kila mmoja na nyasi zake. Mmoja anaweka kibuyu chini kimyakimya, mwingine anaweka maharage, wanaachiana, wanaondoka. Hakuna bei, hakuna kelele. Zawadi.

Jana walijaa korongo zima. Nanyori amerudi anaimba. Nimeisoma amri yenu kuliko ninyi mlioiandika.

Mjomba wako,
Kasaine


Arusha, 2 Machi 1910

Mjomba,

Sina nafasi ya salamu, nisamehe. Waambie watupe zile nyasi. Waambie leo.

Shaushi, yule mkubwa wa askari, alipita juu ya korongo akawaona. Ameleta habari kwa Bwana kwamba wanawake wengi wanakutana mafichoni bila kusema neno, kila mmoja ana majani mkononi, wanapeana vitu vilivyofunikwa. Shaushi huyu alipigana vita vya kusini miaka ile. Anasema huko nako mambo yalianza hivyo hivyo, watu kupeana dawa kwa siri, na aliwazika wenzake. Yule mtu haongopi, Mjomba. Anaogopa kweli, na hilo ndilo linalonitisha.

Bwana amesema wakikutana tena, askari waende na bunduki. Nilijaribu kueleza habari ya nyasi nikaambiwa sikuulizwa.

Susana anakimbia na barua hii. Mzuie Nanyori.

Eliasi


Ngaramtoni, 3 Machi 1910

Eliasi,

Susana alifika, mimi nilikuwa Olmotonyi kwa rafiki yangu Loishiye, nimekwenda kujisifu kwa pombe yake. Alinisubiri nyumbani, maana njia ya korongoni haijui. Niliporudi, wamama walishashuka korongoni.

Waliotoroka wamenieleza. Askari walitokea juu, pande zote mbili. Wamama walipowaona wakaogopa, na walipoogopa wakafanya kile tunachofanya watu wa huku tukiogopa: wakaziinua nyasi juu ili waonekane wana amani. Shaushi akapiga kelele warudi nyuma. Wakaziinua zaidi. Wengine wakang'oa nyingine wakashika kwa mikono yote miwili. Nanyori akatangulia mbele akamnyooshea za kwake, karibu zimguse kifuani. Kila walivyozidi kuomba amani ndivyo yule mtu alivyozidi kuona vita.

Bunduki ililia. Sijui ilielekezwa wapi. Wanasema juu, lakini waliosema walikuwa wanakimbia. Nanyori na wamama wengine wamepelekwa kwenu wamefungwa kamba.

Yu hai? Niandikie neno moja tu.

Kasaine


Arusha, 4 Machi 1910

Mjomba, yu hai.

Risasi ilipigwa hewani. Amechubuka magoti, hana jeraha lingine. Wamefungiwa chumba cha nyuma, wanasaga unga wa wafungwa. Nimemwona kwa mbali. Hakuniangalia.

Shauri lake litasikilizwa kesho kutwa barazani kwa Bwana. Shaushi anataka ahesabiwe mwenye dawa ya vita. Mtu wa namna hiyo hupelekwa pwani kwa mnyororo, na hiyo ndiyo adhabu nyepesi. Usinilazimishe kuandika ile nzito.

Nitakuwa mkalimani siku hiyo. Mjomba, nifanye nini? Nikisema walikuwa wanapeana zawadi, kama ulivyowafundisha, Bwana atauliza ni zawadi gani hiyo ya mafichoni, na atamwamini shaushi. Nikisema walikuwa wanauza, ataniuliza kwa nini hawakuja sokoni kwangu. Na mimi nimekuwa nikimwambia kila juma kwamba soko linaendelea vizuri. Nilifikiri watu watalizoea. Nilifikiri nikimpa muda litajaa.

Mara ile ulipoandika habari ya ndizi nilikasirika sana. Sasa nimekuambia.

Eliasi


Ngaramtoni, 5 Machi 1910

Mpwa wangu,

Mimi ndiye niliyejidai kwamba hawauzi. Leo nakuapia kwa kaburi la mama yako kwamba waliuza. Waliuza maharage, waliuza maziwa, waliuza na ugoro. Sema hivyo. Mwizi wa ushuru anafungwa kidogo anarudi kwao. Mwenye dawa ya vita harudi. Katika makosa mawili tuchukue lile dogo tulikumbatie kama mtoto.

Akikuuliza kwa nini hawakuja kwako, mweleze ukweli. Usimweleze kwa maneno, una maneno mengi mno tangu ubatizwe. Mpeleke akaone.

Najua ninachokuomba. Kofia itakwenda, na pengine si kofia peke yake. Nimekaa tangu alfajiri natafuta namna ya kukuomba kwa mzaha, mzaha haukuja.

Nami nakuja. Goti likikataa nitakuja kwa lingine.

Kasaine


Kambi ya reli, njia ya Tanga, 20 Aprili 1910

Mjomba, shikamoo.

Sijui kama barua hii itakukuta nyumbani au kifungoni. Naandika hivyo hivyo.

Siku ile nilifanya kama ulivyosema. Bwana aliniuliza wale wanawake walikuwa wanafanya nini, nikamjibu walikuwa wanauza, Bwana, wamevunja amri. Shaushi akakataa. Akasema watu wanaouza hupiga kelele, na wale walikuwa kimya. Nikajibu walikuwa kimya kwa sababu ya amri. Ndipo Bwana akaniuliza swali lile: kwa nini wasije sokoni kwangu?

Nikamwambia, "Bwana, tafadhali njoo uone soko lako."

Alinitazama nikadhani nimekwisha. Kisha akachukua kofia yake. Tukavuka uwanja, mimi nyuma. Ndani ya nyumba ile nzuri kulikuwa na bibi mmoja na mboga zilizonyauka, na mbwa amelala juu ya jukwaa la mizani. Bwana aliizunguka nyumba yote. Akauliza, siku zote iko hivi? Nikasema siku zote. Akauliza, na chakula cha mji kinatoka wapi? Nikasema hakitoki, Bwana, ndiyo maana wafanyakazi wa mashamba wanatoroka. Ndipo nikamwambia lile la ng'ombe aliyefungwa miguu. Sikusema kwamba ni lako.

Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mimi ndiye nimekuwa mlangoni muda wote huo nikimdanganya. Nilitolewa kwa mlango wa nyuma, na jioni ile nikawa njiani na wapagazi. Hapa naandika majina ya wanaobeba mataruma ya kulazia reli. Susana yuko kwao.

Nilipokuwa natolewa nilisikia kelele langoni, na sauti ikawa kama yako. Halafu sikusikia tena. Ni zaidi ya mwezi sasa. Kila tarishi akipita namuuliza habari za Arusha, anasema mvua zimenyesha. Ya Nanyori hakuna anayejua. Ndoto zangu zote ni mtu anamnyooshea mwenzake nyasi.

Kama huwezi kuandika, mpe Susana aandike. Hata kama ni habari mbaya.

Eliasi


Ngaramtoni, 3 Juni 1910

Kwa mpwa wangu Eliasi, mtu wa reli,

Barua yako ilizunguka kama mbuzi aliyepotea, imefika juzi. Nimesomewa na Susana kisha nikaisoma mwenyewe, nikafika mpaka herufi zilizo baada ya R.

Nanyori yuko hapa. Naandika naye ananisemesha, anataka kujua kama nimekuambia kwanza yeye yuko, kabla sijaanza upuuzi. Nimekuambia.

Sauti langoni ilikuwa ya kwangu. Nilifika nimechelewa, goti limevimba kama boga, kikapu cha maharage kichwani, kopo la ugoro kwapani, na nyasi mkononi. Naam, nyasi. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba mkono ulizing'oa wenyewe njiani bila kunishauri. Yule shaushi aliponiona akainua bunduki. Basi hapo nilifanya jambo la kishujaa: niliketi chini, kwa sababu miguu ilikataa kusimama. Nilipokwisha kukaa nikaona hakuna la kufanya ila biashara. Nikafungua kopo nikaanza kuita, ugoro, ugoro mkali, njooni mpige chafya. Askari wawili wakasogea kununua. Shaushi akanikamata kwa kuuza nje ya soko.

Ndivyo nilivyoingia barazani, kwa kosa lile lile tulilolitafuta. Bwana alikuwa ametoka sokoni kwako, uso umemshuka. Akaniuliza hiyo dawa mkononi ni ya nini. Mkalimani wao mpya alitafsiri nusu nusu. Nikaona maneno hayatatosha. Palikuwa na mbuzi wa boma amefungwa penye nguzo ya baraza. Nikampa.

Mbuzi wa Bwana alikula dawa yote ya vita, akalamba vidole vyangu, akajamba, akalala. Baraza zima lilimtazama kama atashambulia. Bwana akageuka akamtazama shaushi. Nilimwonea huruma, mpwa wangu. Yule mtu alikuwa amebeba makaburi kichwani, akayaona katika mikono ya Nanyori.

Wamama wakahesabiwa wauza bidhaa. Walifagia boma mpaka masika yalipokolea, wakarudi. Mimi nilichapwa kidogo, kwa heshima ya mvi. Nilikula nimesimama, lakini nilikula.

Soko la kijitoni limefunguliwa. Kuna banda la makuti, na siku ya soko anakuja karani kukusanya ushuru. Kumbe ushuru unaopatikana pale chini ya makuti unaupita ule wa nyumba ya bati, na yanayobaki jioni yanabebwa mpaka mjini, kwa hiyo na mjini wanakula. Hakuna aliyekuja kutuambia kwamba tulisema kweli. Ngozi bado ni za tajiri mwenye hati, na bado zinapita Longido. Wamama wengine wa tambarare hawajarudi mpaka leo. Walipoona bunduki walizoea njia nyingine. Amri unaweza kuifuta kwa siku moja, ila mguu ukishazoea njia haurudi upesi.

Nanyori anasema yeye hakukuangalia siku ile ili shaushi asijue wewe ni ndugu. Alifikiri umeelewa. Nilimwambia wewe ni msomi, mambo mepesi yanakupita.

Kofia yako waliyokunyang'anya anaivaa yule karani mpya. Imemfunika mpaka masikioni. Wamama wakimwona wanauliza mwenye kichwa anarudi lini, na mimi nawajibu nitauliza.

Sasa jambo lililobaki baina yetu. Kile kikapu nilichokutumia na ndizi, chenye mshipi mwekundu, hujakirudisha. Susana anasema kiko nyumbani kwenu mjini, kimening'inia nyuma ya mlango. Kikapu cha mke wangu hakilali ugenini, na ndizi zimeiva. Susana asikilete, nimeshamkataza. Anayetakiwa kukirudisha ni yule aliyekula ndizi.

Mjomba wako,
Kasaine